Chini ya Kopo la Kahawa

Majengo, Kitui
Jumanne, 7 Machi 1989

Ndugu yangu Faki,

Nimekaa siku tatu nikitafuta namna ya kuanza barua hii bila kukutukana. Sijaipata, basi salamu zitakuja mwisho.

Kwa nini hukuinywa kahawa?

Usiniambie uliinywa. Mimi ndiye niliyeikaanga, nikaitwanga, nikaipika na tangawizi, na mimi ndiye niliyeosha vyombo. Kikombe chako kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Ulikigusisha midomo, ukakirudisha kwenye sinia, ukaanza hadithi za mvua ya huko kwenu Kiboko, kana kwamba watu walitoka Mwingi kuja kusikiliza mvua.

Wewe si mgeni wa nyumba hii. Tangu babu yetu atoke pwani akafungua duka hapa, hakuna msichana wetu aliyeposwa bila walii wake, msimamizi wa ndoa yake, kumaliza kikombe na kukifudikiza mbele ya wageni. Hilo ndilo jibu letu la ndiyo. Baba alinifudikizia mimi. Tima hana baba. Marehemu kaka yetu alimwacha ana miaka minne, nikamlea, nikamsomesha, lakini walii siwezi kuwa mimi. Walii ni wewe, hakuna mwingine.

Mzee Jabiri hakuwa anakutazama uso, alikuwa anatazama kikombe. Alipoona kimebaki vile akainuka, akaniaga mimi peke yangu, akaondoka na mwanawe Abdallah, mposaji mwenyewe, bila dua. Mbuzi mzima alibaki kwenye masufuria. Tima aliyakusanya masinia peke yake.

Hapa Ukambani mtu akikataa ulichommiminia, amekuambia kitu. Ama unaogopa sumu mkononi mwangu, ama huitaki harusi hii. Niambie ni lipi.

Na huo mwili je? Uliposhuka kwenye gari nilidhani ni mtu mwingine ameazima kanzu yako. Krismasi ulikuwa unakalia benchi zima.

Wasalamu,
Dadako Tumu

---

Kituo cha Utafiti, Kiboko
15 Machi 1989

Dada Tumu,

Barua yako imefika ikiwa bado moto. Sisi hatujambo. Mke wangu Ndinda anakusalimu, ingawa hukumtaja.

Kahawa ilikuwa moto sana. Nilingoja ipoe, mazungumzo yakanoga, nikasahau. Ni hilo tu, na nashangaa kikombe kimoja kimezaa barua ya kurasa mbili. Harusi naitaka. Abdallah ni kijana mzuri, na nikimwona Mzee Jabiri nitamwambia hivyo kwa mdomo wangu. Kwani neno la mtu mzima limeshindwa na finjani?

Mwili nimepunguza kwa kutembea. Kutoka nyumbani hadi stoo ya mbegu ni mwendo, na magoti yalikuwa yananiuma. Mbona nilipokuwa mnene mlinicheka, na sasa nimepungua mnanichunguza?

Na mimi nina swali. Siku ile nilipotoka nje kunawa mikono, nilimwona yule mama jirani yako ananipima kwa macho kutoka miguuni hadi kofiani. Umemwambia nini? Nasikia hapo Majengo kuna watu wameshanipa jina la ugonjwa. Kama limetoka nyumbani kwako, dada, litanikaa.

Mwambie Tima asiwe na wasiwasi.

Mimi,
Faki

---

Majengo, Kitui
22 Machi 1989

Faki,

Kahawa yako hukuwahi kuingoja ipoe tangu ukiwa darasa la tatu. Ulikuwa unaimeza ikitoka motoni, Mama akikufukuza jikoni. Nidanganye kwa kitu ambacho sikijui.

Jina la ugonjwa sikulitoa mimi. Siku hizi mtu akikonda watu hawaulizi, wanasema wenyewe, na wanakohoa kidogo wakishasema. Mimi nimewajibu kwamba ndugu yangu ana kazi nyingi. Nilipokuwa nawajibu nilikuwa najiuliza kama ni kweli. Kama ni huo ugonjwa, niambie mimi kwanza, kabla sijaambiwa sokoni.

Lakini kuna jambo lingine linaloninyima usingizi, na nitalisema waziwazi. Kuna makanisa yanayokataza kahawa na chai. Nimeuliza, yapo hadi huko barabara ya Mombasa. Ndinda ulimwoa akiwa Mprotestanti, sheria inaruhusu, na sikuwahi kumwingilia. Ila kama ndiye aliyekutoa dini polepole, ukabatizwa kimyakimya huko tusikokuona, basi huwezi kuwa walii wa Tima. Ndoa utakayomwozesha haitakuwa ndoa. Mzee Jabiri naye amelifikiria hilo. Ametuma mtu kuniuliza, kwa adabu kabisa, kama wewe bado unaswali.

Nimekutumia kahawa kwa basi, kopo zima, ile uipendayo, na tangawizi imo. Inywe, uniambie ilivyokuwa.

Tumu

---

Kiboko
Jumamosi, 1 Aprili 1989

Dada yangu mpendwa,

Kopo nimelipokea. Ahsante sana, Mungu akuzidishie. Kahawa ni tamu, haina mfano. Wallahi tumekunywa asubuhi na jioni mpaka nikaona chini ya kopo. Sasa nadhani umeridhika.

Habari ya kubatizwa imenifanya nicheke, kisha ikaniuma. Nitaswali Ijumaa hii kama kila Ijumaa. Ndinda hajawahi hata kuniomba nimsindikize hadi langoni mwa kanisa lao. Usimwandikie maneno mabaya, tafadhali. Anavumilia mengi kuliko unavyojua.

Mwambie Mzee Jabiri nitakuja baada ya Idi, tupange siku ya nikahi.

Ndugu yako,
Faki

---

Majengo, Kitui
Jumatatu, 17 Aprili 1989

Faki,

Nina mambo mawili, na yote mawili nayaandika nikiwa nimefunga, kwa hiyo sisemi uongo.

La kwanza. Unamjua Ndululu wa Zombe, yule anayepeleka mbuzi barabarani kuwauzia wasafiri. Wiki jana alipita Kiboko. Aliingia hapo kituoni kuomba maji ya mbuzi wake, akakuona umekaa mlangoni mwa stoo, saa nne asubuhi, Ramadhani, unakula uji kwa kijiko. Kijiko kidogo, amesema, kama cha mtoto. Unaonja, unapumzika, unaonja tena. Kando yako kulikuwa na kikombe cha maji. Hukujificha hata kidogo. Ndululu si Mwislamu na hakuona ubaya, akaenda kumsimulia Mzee Jabiri kama kichekesho. Mzee Jabiri hakucheka. Amesema Idi ikipita bila yeye kupata jibu la kueleweka, Abdallah atatafutiwa kwingine.

La pili. Umeniandikia kwamba mmekunywa kahawa mpaka ukaona chini ya kopo. Chini ya kopo kulikuwa na barua. Tima aliiandika kwa mkono wake, nikaifunga kwenye nailoni, nikaiweka kwanza, kisha nikamwagia kahawa juu yake. Kama ungefika chini ungeiona. Hukuitaja hata kwa neno moja. Basi hukunywa, na ukaniapia kwa jina la Mungu.

Nilikutega, ndiyo. Sikujua njia nyingine ya kumjua ndugu yangu.

Sikuulizi tena kuhusu kahawa. Nakuuliza wewe ni nani siku hizi.

Tumu

---

Kiboko
22 Aprili 1989

Wifi Tumu,

Nakusalimia. Ni mimi Ndinda. Kiswahili changu si kirefu kama chenu, utanisamehe.

Barua yako alinisomea yote. Alipofika pale pa chini ya kopo akaniuliza kopo liko wapi. Mimi nikaona aibu, kwa sababu kopo nilikuwa nimelichukua.

Wifi, kanisa letu halikatazi kahawa. Linakataza pombe tu. Kahawa yako imenywewa na akina mama wa ushirika, Jumatano tatu mfululizo. Walisema haijawahi kutokea kahawa kama hiyo hapa Kiboko, na Muthoki alirudia vikombe vinne. Nilikuwa nimelificha kopo nyuma ya magunia ya kunde ili mume wangu asilione, maana akisikia harufu yake anatoka nje. Ilikuwa imebaki kidogo, karibu vijiko sita. Nikaimwaga kwenye karatasi, na barua ya msichana ikatoka.

Nimempa. Aliisoma amesimama, halafu akakaa chini, halafu akaisoma tena. Mimi sijawahi kumwona Faki akilia, hata siku ile. Siwezi kukuambia ni siku gani. Nilimwapia juu ya Biblia yangu kwamba kinywa changu hakitalisema, na wewe unajua kiapo ni nini.

Lakini hili sikuapa: hajabatizwa, na ule ugonjwa wa sokoni hana. Naomba usimtumie tena kahawa. Ni kama kumfunga mtu kamba halafu unamwekea chakula mbele yake.

Ni mimi wifi yako,
Ndinda

---

Kitui
21 Machi

Ami Faki,

Shangazi amesema niandike chochote, maana hii barua ni ya kukujaribu tu. Ameniambia nisikuambie hivyo. Nakuambia.

Ami, ukiisoma hii maana yake umekunywa, kila mtu amefurahi, na mimi nitaolewa. Abdallah namtaka, sitajifanya. Lakini siku ile mimi ndiye niliyekuletea sinia, na nilikuona mkono. Ulikuwa umekishika kikombe kwa ncha za vidole. Haukuwa mkono wa mtu anayekataa, ulikuwa kama mkono wa mtu anayeogopa. Nikajua huwezi. Sijui kwa nini huwezi.

Kama unaumwa, usinywe kwa ajili yangu. Baba nilikuwa naye miaka minne, simkumbuki sauti. Wewe ndiye uliyekuwa unanipandisha begani tukienda kwa fundi wa viatu, na watu wanasema angalieni mlima umebeba mbuzi. Siwezi kuolewa kwa kikombe kitakachokuua.

Kama shida ni kikombe, nitakinywa mimi. Jibu la ndiyo ni langu, na kusema kweli hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Mwanao,
Tima

---

Kiboko
Jumatatu, 24 Aprili 1989

Dada Tumu,

Naandika hii mara moja, bila kuisoma tena, kwa sababu nikiisoma nitaichana.

Tarehe kumi na saba Januari nilikatwa tumbo huko Nairobi. Sikuwa kwenye semina ya mbegu kama nilivyokuambia. Nilikuwa hospitalini wiki mbili, Ndinda akilala kwenye kiti. Daktari mmoja mgeni alikuja kufundisha wenzake namna ya kulibana tumbo la mtu mnene ili libaki dogo. Wakanichagua mimi. Moyo ulikuwa unachoka, na daktari alinionyesha kwa vidole miaka niliyobakiza. Hakutumia vidole vyote.

Sasa tumbo langu ni kama ngumi ya mtoto. Nakula vijiko vichache, napumzika, nakula tena, mchana kutwa. Kufunga nimekatazwa mwaka huu, siku zangu nitazilipa. Ndululu aliona kweli, ila hakujua anachokiona.

Na kahawa. Dada, ile karatasi waliyonipa wakati wa kutoka, kahawa ndiyo ya kwanza. Miezi sita isiguse kinywa changu, na chai vilevile. Siku za mwanzo kichwa kiliniuma kuliko kidonda, kwa sababu nilikuwa mtu wa vikombe kumi na viwili kwa siku na nikavikata kwa siku moja. Wiki ya nne nikashindwa. Nikaiba kidogo kwenye chupa ya mlinzi, mafunda mawili tu. Nilijikunja sakafuni, nikatapika mpaka Ndinda akaita majirani. Siku ya posa nilikuwa katika wiki ya saba. Nilikiangalia kikombe chako nikiwaza, nikinywa nitatapika hapa kwenye mkeka, mbele ya Mzee Jabiri, baada ya kunywa kahawa ya mkono wa dada yangu. Wangesema umenipa nini? Nikaona afadhali nionekane mkosa adabu kuliko wewe uonekane mlishaji sumu.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nitakuambia, ingawa ni haya tupu. Mwaka jana zahanati hapa haikuwa na mizani ya kunibeba. Wakanipeleka stoo, kwenye mizani yangu mwenyewe ya magunia. Kilo mia moja sitini na nne. Wafanyakazi wote wakaja kutazama, na Kisilu akaandika kwenye kadi ya mbegu, gunia moja na robo tatu, daraja la pili. Nilicheka nao. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani siku mbili. Nikasema, watu wakijua nimekatwa kwa sababu ya kushindwa na sahani, mimi mtu mzima, mtoto wa nyumba ya swala, watanicheka mpaka kaburini. Bora waseme ni ugonjwa. Sikufikiri kwamba Tima ndiye atakayelipia haya zangu.

Ijumaa naenda Mwingi. Nachukua karatasi za hospitali, na kama karatasi hazitoshi nina kovu. Barua ya Tima nabaki nayo, na jibu nimemwandikia yeye mwenyewe.

Ulinitega ukanipata. Nilikuapia uongo, nisamehe.

Nduguyo,
Faki

---

Majengo, Kitui
Jumatano, 10 Mei 1989

Faki, ndugu yangu wa tumbo moja,

Leo naanza na salamu. Hujambo? Umekula? Ndinda hajambo? Mwambie nimemtumia khanga, na mwambie pia kwamba barua yake niliisoma mara nyingi. Nilimshuku mtu ambaye alikuwa analala kwenye kiti. Nikimwona nitamwambia mwenyewe, si jambo la kusema kwenye karatasi.

Yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikarudi ndani nikafunga mlango. Nililia kwa hasira kwanza. Ukatwe tumbo, na mimi niko hapa napalilia kunde, sijui. Kama ungekufa Nairobi, ningeambiwa semina ya mbegu imekuua? Kisha nikakumbuka majina ya unene tuliyokuwa tunakuita, hapa hapa nyumbani, na ni mimi niliyeanza. Hasira ikaisha.

Sasa sikiliza. Juzi, siku ya pili ya Idi, Mzee Jabiri alikuja bila taarifa, na Abdallah nyuma yake. Alikaa palepale alipokaa siku ile. Akasema ulimwendea dukani ukafungua karatasi zako juu ya mizani ya sukari, akazikataa, akasema karatasi huandikwa na yeyote. Ukainua kanzu. Anasema alivaa miwani akalitazama kovu tangu juu hadi kitovuni, akahesabu alama za nyuzi, na alipomaliza akaona aibu kwa sababu wateja walikuwa mlangoni na wewe hukuishusha kanzu mpaka yeye alipokuambia ushushe. Amesema mtu anayejivua hivyo kwa ajili ya mtoto wa kaka yake, yeye Jabiri hana haja ya kumuuliza anaswali wapi.

Lakini yule mzee ni yule yule. Akasema, yote sawa, ila kikombe bado hakijanywewa.

Nikaanza kumweleza habari ya miezi sita. Sikumaliza. Tima alitoka jikoni na sinia, kikombe kimoja tu juu yake. Akapiga magoti, akasema Ami yangu amenipa ruhusa kwa barua, akakichukua. Ilikuwa moto inafuka, na unajua yeye haipendi kahawa. Aliimeza yote bila kupumzika, machozi yanamtoka kwa tangawizi, akakifudikiza kwenye sinia kwa kishindo nikadhani kimevunjika. Abdallah alikuwa anatazama mkeka, anatabasamu. Halafu Mzee Jabiri akainua mikono, akaomba dua, ndefu kuliko dua zote nilizowahi kumsikia.

Nikahi ni Ijumaa ya tarehe pili Juni. Njoo na Ndinda. Uji wako nitaupika mwenyewe, kijiko kidogo kipo. Na hapa Majengo nimeshawaambia wote ulichofanyiwa, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Atakayecheka nitamkumbusha vyake.

Kile kikombe chako cha mwezi wa tatu nimekiosha nikakiweka juu ya kabati. Kinangoja Julai, tarehe kumi na saba ikipita na daktari akikubali. Nitakumiminia kidogo tu, ikiwa imepoa.

Na chini yake nitaweka kitu, nione kama umekimaliza.

Dadako,
Tumu